Mara Saba, Moja kwa Udongo

Kochi nililinunua kwa Bi Morag wa ghorofa ya pili,
paundi thelathini, kulibeba ni juu yangu.
Mahameli ya kijani, miguu ya mwaloni:
nikajiambia nimeokota dodo chini ya mnazi.
Tulipolipandisha hadi ya tisa, mimi na Fergus, lifti mbovu,
halikunuka. Baridi kali, madirisha wazi.
Harufu, kumbe, ni mgeni mwenye haya,
husubiri hita iwashwe ndipo ivue koti.

Alhamisi usiku ikavua koti.
Mbwa.
Wala si mbwa tu, ni umri mzima wa mbwa:
mvua zote za Dundee alizozikung'uta mgongoni,
mfupa aliouficha akausahau,
na ule uzee wa mwisho
aliposhindwa kuuwahi mlango.

Na mama anakuja Machi.
Mama wa Pangani, anayenusa kanzu kabla ya kuisalimia.

Nikaanza na ubani. Kosa.
Nikaongeza udi wa dada, ule uliobaki arusini.
Kosa juu ya kosa: sasa nyumbani mna mbwa
aliyejifukiza, anakwenda kuposa.
Nikavua foronya, zipu zikikwaruza kwa kutu,
nikamwaga magadi kama anayepaka samaki unga,
asubuhi nikayafyonza kwa mashine ya kuazima
na mfuko wa mashine nao ukaanza kubweka.
Siki nusu, maji nusu, chupa ya kupulizia:
wiki nzima nimeishi ndani ya achari.
Dukani wakaniuzia dawa yenye vijidudu
vinavyokula mkojo. "Vipe siku nzima," alisema muuzaji,
"usiviharakishe." Nikaviacha vile.
Nami nikala, jikoni, wima.

Nikampigia mama. Sikukusudia kusema, ikaniponyoka.
Kimya. Kisha sauti yake ya ualimu:
"Mara saba, Shekue. Moja kwa udongo."
Mama, hili ni kochi, si sufuria.
"Nimesema mara ngapi?"
Saba.

Udongo gani, Februari, ardhi imeganda kama samli?
Nikashuka na kijiko na kikombe cha chai,
nikapiga magoti kando ya maegesho ya magari,
nikakwangua.
Bi Morag akaniona dirishani. Akatoka na ndara,
theluji ikimuingia vidoleni.
Hakuuliza nachimba nini.
"Hayupo hapo," akasema. "Tavish yuko Arbroath,
bustanini kwa mpwa wangu. Chini ya waridi."

Ningemwelezaje? Nikasema naomba udongo kidogo tu.
Akaingia ndani, akarudi na chungu cha maua yake,
akanijazia kikombe kwa mkono wake mwenyewe,
akapapasa juu yake, kama anayetandika kitanda.

Ya kwanza, maji yalitoka rangi ya chai ya mkandaa.
Ya pili nisiitaje.
Udongo niliuweka ya nne, nikisugua na kusoma nilichokikumbuka.
Mito niliisimamisha bafuni, uso ukutani,
kama watoto waliotiwa adhabu.
Siku kumi na moja kukauka. Kumi na moja!
Ya saba ilitoka nyeupe, nikainusa kwa puani hasa,
jicho nimefumba: hakuna kitu. Sifuri. Nyuzi tu.

Jumapili, lifti ilipopona, Bi Morag akapanda
na biskuti kwenye kopo la bati.
"Nilidhani nilione," akasema. Kochi, yaani.
Hakukaa. Aliinama kwenye mkono wa kushoto,
pale mahameli yalipochakaa kwa kidevu,
akavuta pumzi.
Akavuta tena.
Akanyooka, akatafuta pa kuweka mikono yake.
"Kazi nzuri," akasema. "Kweli. Kazi nzuri sana."

Mimi, mshindi wa vita ile, magadi kilo tatu,
nikakosa la kujibu. Nikasema:
"Hita haijawaka, Bi Morag. Kaa kwanza."

Nikaiwasha. Akakaa.
Tukafungua biskuti, tukangoja chumba kipate joto.